Usalama wa mgonjwa Pwani: Jahazi moja, manahodha sita

Mgonjwa wa Pwani hajui mpaka wa kaunti. Mama mjamzito aliyeanza kliniki Garsen anaweza kujifungulia Malindi, na mtoto akizaliwa na shida, safari ikaendelea hadi Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara. Mvuvi aliyeumia Kizingitini huletwa kwa boti hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na ikishindikana hapo, njia ni ya Mombasa. Mkazi wa Lunga Lunga huanzia zahanati ya kijijini, akapita Msambweni, kisha akavuka feri ya Likoni. Tunaugua na tunatibiwa kama watu wa eneo moja.

Lakini jukumu la kuhakikisha kwamba mgonjwa huyo hadhuriwi na matibabu yenyewe limekatwa vipande sita. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali za umma ziko chini ya serikali za kaunti. Mombasa ina waziri wake wa afya, Kwale wake, Kilifi wake, na vivyo hivyo Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kila mmoja ana bajeti yake, wafanyakazi wake na vitabu vyake vya kumbukumbu. Mgonjwa akidhurika kati ya Hola na Mombasa, kila upande una haki ya kusema kosa lilitokea ng'ambo ya pili. Na mara nyingi ndivyo unavyosema.

Mazungumzo ya kaunti za Pwani kushirikiana katika afya si mapya. Kila magavana wetu wanapokutana chini ya Jumuiya ya Kaunti za Pwani, haliwi gumu kupata mtu wa kusema "tuunganishe nguvu". Mimi naunga mkono. Ninachotaka kujadili leo ni jambo ambalo huachwa hadi mwisho, kisha likaua mpango mzima: muungano wa namna hiyo ungeongozwa na nani, kwa fedha za nani, na ungewajibika kwa nani?

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wagonjwa 10, mmoja hupata madhara yanayotokana na huduma aliyopewa, na kwamba zaidi ya watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya matibabu yasiyo salama. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Hapa hatuzungumzii ugonjwa aliokuja nao mtu. Tunazungumzia dawa ya mgonjwa mwingine, damu isiyolingana, kidonda cha upasuaji kilichooza kwa uchafu, mama aliyeachwa akivuja damu kwa sababu zamu ilibadilika na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Mwaka 2019 shirika hilo lilitenga tarehe 17 Septemba kuwa Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, kisha likatoa mpango wa utekelezaji wa miaka 10, 2021 hadi 2030. Kwetu siku hiyo ikifika, huonekana fulana, mabango na hotuba. Kesho yake hakuna anayeweza kukuambia ni wagonjwa wangapi walidhurika katika hospitali za Pwani mwezi uliopita, na kwa nini.

Wengi tunakumbuka kisa cha mapema mwaka 2018 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Wagonjwa wawili, wote na matatizo ya kichwa. Mmoja alihitaji kupasuliwa kuondolewa damu iliyoganda, mwingine alihitaji dawa tu. Utambulisho wao ukachanganywa, na asiyehitaji kisu ndiye aliyepasuliwa. Madaktari waligundua baada ya saa kadhaa, walipoitafuta damu iliyoganda wasiione. Nchi ilighadhabika, na ilikuwa haki yake. Daktari, wauguzi na mtaalamu wa dawa ya usingizi walisimamishwa kazi, na mkuu wa hospitali akapelekwa likizo ya lazima.

Lakini jiulize: mgonjwa alipita mikononi mwa watu wangapi kabla ya kufika mezani? Aliyemvisha utambulisho wodini, aliyemsukuma, aliyempokea mlangoni mwa chumba cha upasuaji, aliyemlaza usingizi, aliyeshika kisu. Milango yote hiyo ilikuwa wazi. Ukimfukuza mtu mmoja, milango inabaki vilevile na mtu mwingine anasimama pale pale. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa mgonjwa hawaanzi na swali la nani alikosea. Huanza na kilichoruhusu kosa lipite.

Ofisi nyingi, mlango haujulikani

Mtu atasema: mbona vyombo tunavyo? Ni kweli, tunavyo vingi. Malalamiko dhidi ya daktari huenda katika baraza la madaktari na madaktari wa meno. Muuguzi ana baraza lake, afisa wa kliniki ana lake. Dawa mbovu au iliyomdhuru mtu ni kazi ya bodi ya famasia na sumu. Makao makuu ya vyombo hivi vyote yako Nairobi. Kila kimoja kinamtazama mtu wa taaluma yake, ilhali mgonjwa hadhuriwi na taaluma moja. Hudhuriwa pale taaluma zinapokutana na kukabidhiana.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa na lalamiko lake lichunguzwe. Inaagiza utaratibu wa kulalamika ubandikwe mahali panapoonekana katika kila kituo cha afya, na mlalamikaji ajibiwe kwa maandishi ndani ya miezi 3. Nenda kituo kilicho karibu nawe ukautafute huo ukuta.

Shangazi yangu aliwahi kupewa vidonge vya mgonjwa wa kitanda cha pili katika hospitali moja ya ukanda huu. Alipona, alhamdulillahi. Tulipouliza, hatukutukanwa wala hatukufukuzwa. Tulielekezwa tu: nendeni kwa msimamizi wa wodi, naye akatupeleka kwa ofisi ya mapokezi, nayo ikatuambia tumsubiri mkubwa ambaye alikuwa mkutanoni. Siku ya tatu tukachoka. Hakuna mahali kosa lile liliandikwa, kwa hivyo hakuna aliyejifunza chochote. Familia ngapi za Pwani zinaweza kusimulia hadithi hiyo hiyo kwa majina tofauti?

Kilifi imeshatupa somo

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na lilifanyika hapa hapa kwetu. Wizara ya Afya pamoja na Benki ya Dunia walifanya utafiti mkubwa wa usalama wa mgonjwa katika kaunti tatu: Kakamega, Meru na Kilifi. Vituo vyote vya afya vya kaunti hizo, vya umma na vya binafsi, jumla 1,348, viligawanywa katika maeneo 273. Maeneo mengine yakawekwa chini ya ukaguzi mpya, mengine yakaachwa yalivyo ili kulinganisha. Wakaguzi walifika na orodha moja ya viwango. Kituo kilichoshindwa kilipewa muda wa kujirekebisha, na kilichooza kabisa kilipendekezwa kufungwa.

Matokeo? Vituo vilivyokaguliwa viliboresha usalama, vya umma na vya binafsi, na vya binafsi zaidi. Gharama kwa mgonjwa haikupanda, wala watu hawakuacha kwenda kutibiwa. Uchunguzi wa awali ulikuwa umeonyesha hali iliyokuwapo: kanuni za usalama wa sindano zilifuatwa zaidi ya mara 85 katika kila 100, lakini kunawa mikono inavyotakiwa hakukufika hata mara 3 katika 100. Tafakari hapo. Sindano zilifanyiwa kampeni, mafunzo na ufuatiliaji kwa miaka mingi kwa sababu ya hofu ya virusi vya ukimwi. Mikono haikuwa na msimamizi. Mfanyakazi ni yule yule, hospitali ni ile ile. Kinachofuatiliwa hutendeka.

Somo hilo liko Kilifi. Kwa nini lisivuke Mto Sabaki kwenda Tana River na Lamu, au lisishuke Mtwapa kuja Mombasa? Kwa sababu hakuna chombo ambacho kazi yake ni kulivusha.

Wengine walivyoungana

Miungano ya kimaeneo ya usalama wa mgonjwa imejaribiwa kwingine. Inayojulikana zaidi ilianzishwa mwaka 1997 katika mji wa Pittsburgh na viunga vyake, nchini Marekani. Waasisi wake walikuwa wawili, na hakuna kati yao aliyekuwa mkuu wa hospitali. Paul O'Neill alikuwa mkuu wa kampuni ya madini ya alumini ya Alcoa, aliyejijengea jina kwa kupunguza ajali za wafanyakazi viwandani. Karen Wolk Feinstein aliongoza Jewish Healthcare Foundation, wakfu wa afya uliotokana na fedha za kuuzwa kwa hospitali moja ya mji huo. Waliwaketisha pamoja hospitali zinazoshindana, waajiri, kampuni za bima na watumishi wa umma.

Walichagua shida chache zinazohesabika. Moja ilikuwa maambukizi ya damu kwa wagonjwa mahututi waliowekewa mpira kwenye mshipa mkubwa. Katika vyumba 66 vya wagonjwa mahututi vya eneo hilo, kati ya 2001 na 2005, maambukizi hayo yalishuka kwa asilimia 68. Hesabu zilikusanywa kwa kipimo kimoja kwa wote, kikisimamiwa na kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa. Hakuna hospitali iliyojitungia kipimo chake.

Michigan nako, chama cha hospitali cha jimbo kilimleta Dkt Peter Pronovost na orodha fupi ya hatua za kufuata, zikiwamo kunawa mikono na kuutoa mpira usiohitajika. Zaidi ya vyumba 100 vya wagonjwa mahututi vilishiriki, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha maambukizi kushuka kwa hadi asilimia 66. Sehemu moja ya mpango ule huwa haitajwi sana: muuguzi alipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, na wakuu wa hospitali wakaahidi kusimama upande wa muuguzi.

Asije mtu akasema hayo ni ya matajiri. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika miji 8 duniani, London na Toronto zikiwemo, na mmoja kati ya hiyo minane ni Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: kwa jumla ya hospitali hizo, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine kutoka 11 hadi 7. Karatasi moja, maswali 19, timu nzima ikisimama dakika chache kutajana majina na kuhakikisha mgonjwa ni yule na mahali pa kupasua ni pale. Hilo Voi haliwezekani? Msambweni haliwezekani?

Nani ashike usukani

Sasa turudi kwetu. Jumuiya ya Kaunti za Pwani inaundwa na kaunti zote sita, na Katiba, kifungu cha 189, inaruhusu serikali kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Mlango wa kisheria upo. Lakini jumuiya yetu imesimama zaidi juu ya maelewano ya magavana. Wakielewana, inasonga. Uchaguzi ukikaribia na kila mmoja akatazama upande wake wa siasa, inalala. Usalama wa mgonjwa ukitundikwa kwenye kamba hiyo peke yake, utaanguka nayo. Wahenga walishasema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo chenye manahodha sita wanaobadilika kila uchaguzi kinahitaji usukani usiotegemea nani amekaa mbele.

Kwa maoni yangu, mambo matano ndiyo yatakayoamua kama muungano wa namna hii utakuwa kazi au utakuwa hafla.

La kwanza ni uenyekiti. Mwenyekiti asiwe gavana, asiwe waziri wa afya, wala asiwe mkuu wa hospitali inayokaguliwa. Magavana waidhinishe na wapokee ripoti, lakini kiti kikaliwe na mtu mwenye heshima asiyekuwa na wodi ya kuitetea, kwa muhula unaojulikana mwanzo na mwisho. Pittsburgh walionyesha kwamba mtu wa nje anaweza kuuliza maswali ambayo wenye fani wameyazoea hadi hawayaoni.

La pili ni viti vya wagonjwa. Nasema viti, kwa wingi. Mwakilishi mmoja wa jamii kati ya wakubwa kumi na tano hunyamaza, hula chakula cha mchana na kutia sahihi. Wakiwa wanne au watano, na miongoni mwao mama aliyepoteza mtoto au mtu anayeishi na ulemavu uliotokana na matibabu, mazungumzo hubadilika. Na mikutano iendeshwe kwa Kiswahili. Bodi inayojadili uchungu wa watu wa Pwani kwa lugha isiyo yao imeshawatoa nje kabla ya kuanza.

La tatu ni fedha. Mradi wa mfadhili huisha miaka mitatu, na gari lake hubaki limeegeshwa. Sheria ya mwaka 2023 ya fedha za uboreshaji wa vituo inaziruhusu hospitali za umma kubaki na kutumia mapato zinayokusanya. Kila hospitali kubwa ikichangia sehemu ndogo inayojulikana, na kila kaunti ikaweka fungu katika bajeti, muungano utakuwa na unga wake wenyewe. Waajiri nao waitwe mezani: bandari, hoteli, viwanda. Wao na wafanyakazi wao wanashughulika na makato ya asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Wana kila sababu ya kuuliza fedha hizo zinanunua huduma ya namna gani.

La nne ni kumlinda anayesema. Muuguzi anayehudumia wodi nzima peke yake usiku, akikosea dozi, ana njia mbili: aseme au afiche. Akijua kusema ni kufukuzwa, ataficha, na mwenzake atakosea vivyo hivyo wiki ijayo. Muungano lazima utenganishe kosa la kibinadamu na uzembe wa makusudi. Aliyekuja kazini amelewa, aliyedai hongo kabla ya kumshika mgonjwa, hao wana mabaraza na mahakama zao. Lakini aliyekosea kwa sababu chupa mbili zinafanana asigeuzwe kafara ili wakubwa waonekane wamechukua hatua.

La tano, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kutangaza. Kila miezi 3, hesabu chache kwa kila hospitali: akina mama waliokufa wakijifungua, vidonda vya upasuaji vilivyooza, muda anaokaa mgonjwa wa dharura kabla ya kuonwa, malalamiko yaliyopokelewa na yaliyojibiwa. Hesabu hizo zibandikwe mlangoni na zisomwe redioni. Katiba kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua, na hospitali ni vivyo hivyo.

Pingamizi zenye uzito

Kuna wanaosema hii ni kamati nyingine ya kula marupurupu. Hofu hiyo ina msingi, tumeona mengi. Dawa yake ni kanuni: wajumbe walipwe nauli tu, idadi ya watumishi iwe ndogo, na hesabu za fedha zitolewe pamoja na hesabu za wagonjwa.

Wengine watasema, mnazungumzia orodha na takwimu na hospitali haina glavu? Hilo nalo ni kweli tupu, na wahudumu wetu wamegoma mara nyingi kulisema. Mwaka 2017 wauguzi waligoma kwa takriban miezi mitano. Usalama hauwezi kujengwa juu ya mfanyakazi mmoja aliyechoka na stoo tupu. Lakini ni hesabu zile zile zitakazolitoa jambo hilo gizani. Leo waziri akiambiwa glavu hakuna, atasema ziko njiani. Akionyeshwa mbele ya kaunti nyingine tano kwamba vidonda vilivyooza viliongezeka katika miezi ambayo glavu hazikuwapo, jibu la "ziko njiani" halitoshi tena.

La mwisho ni wivu wa kaunti. Hakuna gavana anayependa kuonekana wa mwisho kwenye orodha. Hapa ndipo busara inahitajika. Mwaka wa kwanza, kila hospitali ilinganishwe na hali yake yenyewe ya jana, na jirani baadaye. Na ikumbukwe kwamba Hospitali Kuu ya Pwani hupokea waliozidiwa kutoka kote; kuhesabu vifo vyake bila kuhesabu walikotoka na walivyochelewa ni kuidhulumu.

Tuanzie wapi

Hatuhitaji kungoja mkutano wa magavana. Wakati wa vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti yako, simama uulize mambo matatu: ni wagonjwa wangapi walidhurika katika hospitali yetu mwaka huu, ni nani anaandika, na fungu la kuzuia hilo liko ukurasa gani? Muulize mwakilishi wako wa wadi kama amewahi kuiona ripoti ya namna hiyo. Na kituo chako kikiwa hakijabandika utaratibu wa malalamiko, kikumbushe kwa upole kwamba hiyo ni sheria.

Feri ya Likoni ikipata hitilafu, Pwani nzima husimama na kuuliza nani anasimamia, na Bunge hutikisika. Mgonjwa anayevuka na feri hiyo akielekea Makadara anastahili tuulize swali hilo hilo kwa niaba yake, kabla hajafika kitandani.